Mzee Aliyerukwa Darasani

Mwalimu Micah Kiprugut alikuwa na Kiingereza kingi, lakini karibu chote kilikuwa cha kuamrisha. Simama. Keti. Njoo hapa. Nenda mlangoni. Fungua mlango. Sema tena. Semeni nyote. Kidogo kilichobaki kilikuwa cha kutaja: hii ni chaki, huyu ni baba, huyu ni binti. Kilikuwa kimepigwa chapa ya zambarau kwenye karatasi moja aliyopewa Nakuru alipomaliza kozi ya wiki sita, na yeye aliimeza karatasi ile mbele na nyuma, mpaka mkewe Chelangat naye akaimeza bila kutaka. Maana mwalimu alijizoeza kwake. Chelangat ameinama anapuliza moto, anasikia nyuma yake, "Stand up!" Anasimama. "Sit down!" Anaketi. Siku moja alimwuliza, "Baba Chemutai, nikisimama na kuketi hivi, ugali utajisonga wenyewe?" Lakini akazoea. Hata Chemutai, binti yao wa miaka minne, alikuwa akitoka nje asubuhi anawaamrisha kuku: "Silence!" Na kuku mmoja mwekundu, aliyekuwa mpiga kelele kuliko wote, ananyamaza kweli, anageuza shingo kumtazama.

Hayo yalikuwa kwenye machimbo ya udongo mweupe, pale juu ya ziwa la Elmenteita, mwaka wa hamsini na nane. Udongo wenyewe ni mwepesi kuliko unga, ukiupuliza unaondoka, na wachimbaji walikuwa wakitoka kazini saa kumi weupe wote, kope na masikio, wazee na vijana hawatofautiani. Kampuni ilitaka wafanyakazi wake wajue Kiingereza kidogo. Ikafungua darasa kwenye stoo ya magunia, ikaweka mbao juu ya madebe zikawa mabenchi, ikamwajiri Micah kwa majaribio ya miezi sita. Sharti lilikuwa moja: ndani ya darasa ni Kiingereza peke yake. Mwalimu akitoa neno moja la Kiswahili, au la kwao, amevunja sheria. Na baada ya miezi minne mkaguzi angekuja kutoka Nakuru kutazama. Akitia sahihi, Micah ni mwalimu, na nyumba ya mawe yenye vyumba viwili na bati juu ni yake. Asipotia, wafunge virago warudi Londiani kwa kaka yake Micah, wakalale jikoni kama walivyolala miaka mitatu.

Mkaguzi alikuja Jumatatu. Chelangat alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya uji, kwa sababu ndiye aliyewapikia wanafunzi kila jioni. Aliona yote.

Micah alianza vizuri sana. Alianza benchi la mbele upande wa kushoto, akaenda mtu kwa mtu. "Ndung'u, stand up. Go to the door. What are you doing?" Ndung'u anajibu kwamba anaenda mlangoni. Anayefuata. Anayefuata. Sauti ya mwalimu ilikuwa imenyooka, mkono umenyooka, shati jeupe, na yule mzungu mrefu aliyesimama nyuma akawa anatikisa kichwa kwa kukubali. Chelangat akajisemea moyoni, nyumba ni yetu hii.

Ndipo zamu ikafika dirishani, mahali alipoketi Mzee Kimaiyo, na macho ya mwalimu yakaruka. Ulikuwa mruko mdogo tu, wa mtu anayevuka shimo analolijua njiani. Kutoka kwa Ndung'u na wenzake wa kushoto hadi karibu na dirisha, halafu moja kwa moja kwa Mburu wa benchi la pili. Miezi minne ilikuwa hivyo. Wanafunzi walikuwa hawauoni tena, na waliokuwa wakiuona walijua sababu. Mzee Kimaiyo ndiye baba yake Chelangat.

Na kwao mkwe hatajwi jina, wala haamrishwi. Mwanamume aliyeoa binti ya mtu hawezi kumwambia mtu huyo simama akasimama, keti akaketi, njoo hapa. Hata kumwomba chumvi anapitia kwa mwingine. Sasa Kiingereza chenyewe cha darasani kikiwa karibu chote ni simama na keti na njoo hapa, mwalimu angefanya nini? Alimwacha mzee aketi benchi la mbele, kwa sababu macho yake yalikuwa yameharibiwa na vumbi, na akamruka kwa heshima.

Mkaguzi akainua kidole. Akauliza kitu, akimwonyesha mzee.

"Yes, sir," akasema Micah.

Mkaguzi akauliza tena, polepole. Mwaka wake wa kwanza katika nchi. Kiswahili chake kilikuwa jambo na chai. Chelangat alimwona mumewe akifungua mdomo na kuufunga. Alijua anatafuta nini. Anatafuta neno la mkwe, neno la heshima, neno la kwetu haifanywi hivyo, na kwenye ile karatasi ya zambarau hayamo.

"Sit down, sir," akasema mwisho.

Darasa zima likaangalia chini. Mkaguzi hakuketi. Alimgeukia karani wa kampuni, Naftaly, aliyekuwa ameegemea ukuta na daftari la mahudhurio kwapani. Naftaly alisoma mpaka sekondari ya Alliance, akaachia nusu, Kiingereza alikijua chote, cha kuamrisha na cha kueleza. Alisema sentensi moja fupi, akatabasamu. Mkaguzi akaandika. Halafu akamwonyesha Micah vidole, akihesabu siku: Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Ijumaa angerudi, na Ijumaa angetaka kumwona yule mzee akifundishwa.

Motokaa ya mkaguzi ilipopotea kwenye vumbi, Micah akamwendea karani.

"Ulimwambia nini, Bwana Naftaly?"

"Aliuliza kwa nini humfundishi mzee. Nikamwambia unamwogopa."

"Si kuogopa. Unajua si kuogopa. Ungemweleza ni mkwe wangu."

"Mimi ni karani wa udongo," akasema Naftaly, "si karani wa ndoa. Na ukishindwa, mwalimu, usinung'unike. Kijana wangu Peterson anangoja pale Gilgil na cheti mkononi. Yeye hana mkwe kwenye machimbo haya."

Chelangat aliteka uji kwenye vikombe mpaka ndoo ikaisha. Baba yake alipokea chake kwa mikono miwili, akanywa, akarudisha kikombe.

* * *

Jioni ile Mburu alikuja nyumbani kabla jua halijazama. Mburu alikuwa mtu wa maneno. Serikali ilikuwa imemweka kizuizini miaka mitatu katika kambi ya Manyani, ikamrudisha kazini mwaka ule na karatasi ya kumruhusu, naye alisema kwamba aliyevumilia maharagwe ya kule hana tena kitu duniani cha kumtisha. Aliketi kwenye kigoda, akachukua kiazi bila kukaribishwa.

"Mwalimu," akasema, "shida yako ni ndogo. Huyu mzungu alituona tukiwa tumetoka shimoni. Ulimwona akitutazama? Kwake sisi ni magunia ishirini na matatu. Ijumaa mzee abaki kwenye uwanja wa kukaushia udongo. Mimi nijipake udongo zaidi, niinamishe mgongo, niketi dirishani. Wewe unasema, Kimaiyo, stand up! Mimi nasimama, magoti yanalia. Go to the door! Nakwenda na kikohozi. Mzungu anatia sahihi, tunakula kuku."

Micah hakucheka, lakini hakukataa pia. Alikuwa ameshika karatasi yake, anaikunja na kuikunjua.

"Na jina?" akauliza Chelangat. "Utaita jina la baba yangu?"

"Nitamwita Mburu."

"Utakuwa unaita jina la baba yangu, Baba Chemutai. Miguu ikiwa ya Mburu au ya punda, jina ni lake."

"Sasa nifanye nini?" Micah akapandisha sauti, jambo ambalo hakulizoea nyumbani. "Nimwombe mzee aache darasa? Nilimtuma mtu wiki ya pili kumwomba, alikataa. Nimwambie simama mbele ya watu wote, nikalale nikijua nimefanya hivyo? Au turudi Londiani ukapike kwa zamu na mke wa kaka yangu, umpishe jiko akikohoa?"

Mke wa yule kaka alikuwa akimhesabia Chelangat kuni. Kuni mbili kwa ugali, moja kwa mboga, na ya nne anauliza, mnapika ng'ombe? Alilitazama bati la nyumba yake, akatazama meko yake ya mawe matatu aliyoyachagua mwenyewe, na kwa muda, lazima tuseme ukweli, aliona magoti ya Mburu yakilia na hakuona ubaya mkubwa.

"Fikirieni," akasema Mburu akiinuka. "Mimi kuzeeka kwa saa moja si kitu. Kule Manyani nilizeeka bure."

* * *

Kwenye machimbo maneno hayakai shimoni. Jumatano mchana habari ilikuwa imefika uwanja wa kukaushia, na saa kumi na mbili, baada ya darasa, Mzee Kimaiyo akatokea kwenye njia ya nyumba ya mwalimu, ameoga, amevaa koti lake la kanisani, fimbo mkononi. Hakuingia ndani. Aliketi kwenye gogo la kupasulia kuni, uso ukielekea ziwani. Micah alipomwona alitoka, akasimama kando ya mlango, uso ukielekea barabara ya Gilgil. Kati yao hapakuwa na hatua nne. Chelangat akasimama katikati na mwiko mkononi, kwa sababu hapo ndipo mahali pake.

"Chelangat," akasema mzee.

"Naam, Baba."

"Mwambie mwalimu nimesikia kuna mtu atakayekuwa mimi siku ya Ijumaa."

"Baba anasema amesikia habari ya Mburu."

"Mwambie mzee," akasema Micah kwa sauti ya chini, "ni mawazo ya mtu tu. Hayajakubaliwa."

"Anasema hayajakubaliwa."

"Yamekataliwa?"

Chelangat akamtazama mumewe. Micah akatazama barabara.

"Bado, Baba," akasema Chelangat.

Mzee akaongea, na hakuwa na haraka. "Mwambie mwalimu hivi. Miaka tisa nimefanya kazi kwenye uwanja ule. Bwana akija na kusema neno, natikisa kichwa. Sijui kama nimekubali kazi au nimekubali tusi. Natikisa tu. Vijana wanacheka, naona meno yao. Sasa bwana anataka nyapara wa uwanja, na anataka anayesikia Kiingereza. Nikaenda darasani. Nimekaa pale miezi minne kama mgeni wa arusi, watu wote wanaambiwa kitu isipokuwa mimi. Sikulalamika. Nilijua ni heshima. Lakini heshima ya kuwekewa mtu mwingine mahali pangu, na huku mimi niko hai nageuza udongo juani, hiyo siitaki. Mwambie."

Chelangat hakuweza kuyarudia. Hakukuwa na haja. Micah alikuwa ameyasikia yote, na shingo yake ilikuwa imeinama.

"Mwambie mzee anisamehe," akasema. "Mburu hataketi pale. Mwambie. Lakini mwambie pia, Ijumaa nikishindwa kumwita, darasa ni la Peterson. Na mimi nitashindwa. Nimejaribu hata peke yangu, pale choo cha nyuma, kusema tu jina na lile neno. Ulimi unakataa."

"Baba, anasema atashindwa."

"Najua atashindwa," akasema mzee, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na kitu cha kupenda ndani. "Angeweza, nisingempa binti yangu."

Hapo wakakwama. Mzee anatazama ziwa, mwalimu anatazama barabara, na Chemutai amechuchumaa kwenye vumbi anamwamrisha yule kuku mwekundu afungue mlango. Chelangat alisimama pale na mwiko wake. Akafikiria jinsi alivyotumia jioni nzima, mwambie mwalimu, mwambie mzee, na jinsi hakuna aliyeona ajabu. Akaingia ndani. Akatoka na ile karatasi ya zambarau. Kusoma alijua, alifika darasa la tatu kwa wamisheni, na karatasi yenyewe alikuwa ameisikia mara mia.

"Baba Chemutai," akasema, "hapa chini, mstari wa mwisho kabisa. Huu hujawahi kuniambia jikoni."

Micah akasogea. Ulikuwa mstari ambao kwenye kozi mwalimu wao mzungu aliufanya kwa wiki nzima na yeye hakuona kazi yake. Mwambie fulani afungue dirisha. Mwambie fulani asimame. "Tell," akasema polepole. "Hiyo ni ya wanafunzi wawili. Namwambia mmoja amwambie mwingine."

"Basi mimi ndiye mmoja."

"Wewe si mwanafunzi. Hujaandikwa."

"Nitaandikwa."

Kutoka kwenye gogo mzee akasema, bila kugeuka, "Chelangat. Mwambie mwalimu hilo si baya."

* * *

Ofisi ya karani ilikuwa na dirisha dogo la kulipia mshahara, na Naftaly alipenda kuongea na watu kupitia hapo hata mlango ukiwa wazi. Alhamisi asubuhi Chelangat alisimama pale nyuma ya wanaume sita. Zamu yake ilipofika akasema alilolijia.

"Uandikwe darasani?" Naftaly akaita ndani ya ofisi, ingawa hakukuwa na mtu ndani. "Mama, darasa ni la wafanyakazi. Wewe unafanya kazi gani hapa?"

"Napika uji wa darasa."

"Basi pika. Uji haujui Kiingereza."

Wanaume waliokuwa nyuma wakacheka. Mmoja wao alikuwa akinywa uji wake kila siku, na vikombe viwili. Chelangat alimtazama mpaka akaacha.

"Karani," akasema, "sheria inasema nani asiandikwe? Nionyeshe ilipoandikwa."

"Sheria ni hii kalamu. Na kalamu imechoka." Akafunga dirisha.

Alirudi nyumbani masikio yakiwaka moto. Lakini Chelangat hakuwa mtu wa kulala na aibu. Aliiosha pamoja na sufuria. Jioni alimwambia mumewe ameandikwa moyoni mwake mwenyewe na inatosha. Wakafanya mazoezi mpaka giza likaanza. Chemutai akawa mzee, Chelangat akawa Chelangat. "Chelangat, tell Chemutai to stand up." "Chemutai, please stand up." Lile please alilitia yeye mwenyewe. Micah akasema halimo katika mstari ule. Chelangat akasema kwa baba yake litakuwamo.

* * *

Ijumaa mkaguzi alifika kabla ya wakati. Naftaly alisimama mlangoni na daftari, na Chelangat alipokuja na ndoo yake akanyosha mkono.

"Uji nje, mama. Leo kuna mgeni."

"Uji utapoa nje," akasema Chelangat, akapita chini ya mkono wake na ndoo na kila kitu, akaenda moja kwa moja dirishani, akageuza debe tupu, akaketi karibu na baba yake. Naftaly angemtoa, lakini mkaguzi alikuwa ameshaingia na kuvua kofia, na mbele ya mkaguzi karani hakutaka kuonekana akishindana na mwanamke na ndoo ya uji.

Zamu ikaanza. Ndung'u, simama. Ndung'u, nenda mlangoni. Mtu kwa mtu, ikaja, ikafika dirishani. Darasa likaacha hata kukohoa.

Micah akamtazama mkewe. "Chelangat," akasema, "tell your father to stand up."

Chelangat alisimama yeye kwanza, kwa sababu hangeweza kumwambia baba yake hivyo akiwa ameketi. "Father," akasema, "please stand up."

Mzee Kimaiyo akasimama. Alisimama vizuri, koti la kanisani limefungwa vifungo vyote, na kutoka benchi la pili Mburu akatoa pumzi iliyosikika.

Lakini mkaguzi alikuwa anatikisa kichwa, na safari hii si kwa kukubali. Alisema kitu. Micah hakuelewa. Mkaguzi akasema tena, akamwonyesha Micah kidole, akamwonyesha mzee, halafu akamwonyesha Chelangat na kupunga mkono, kama mtu anayefukuza nzi. Hapo Micah akaelewa, na Chelangat pia. Si yule mwanamke. Wewe. Mwite wewe mwenyewe.

Micah akamgeukia mkwewe. Akafungua mdomo. Chaki ikakatika mkononi mwake, kipande kikaanguka, kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha mzee. Naftaly pale mlangoni alikuwa ameshafungua daftari ukurasa mpya. Chelangat alianza kuhesabu vitu vya kufunga: sufuria mbili, blanketi tatu, kuku sita.

Mzee Kimaiyo akainama, akaokota kile kipande cha chaki. Akatoka kwenye benchi. Akaenda mbele, polepole kwa sababu ya macho, mpaka akasimama ubaoni, mahali pa mwalimu.

"Teacher," akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele upande wa pili wa uwanja, "sit down!"

Micah akaketi. Aliketi hapo hapo, kwenye benchi la mbele, pale pa mzee. Miguu ilimtii mzee kabla kichwa hakijajua.

"Mburu, stand up! Go to the door! Open the door!" Mburu akaenda, akafungua, na Naftaly aliyekuwa ameuegemea akayumba. "What are you doing?" Mburu akajibu anafungua mlango. "Very good. Sit down." Halafu mzee akamtazama mkaguzi aliyekuwa bado amesimama nyuma, mrefu, mdomo wazi kidogo. "Sir. Sit down, please."

Mkaguzi akatafuta mahali. Ndung'u akasogea. Mzungu akaketi kwenye ubao juu ya madebe, magoti yake yakafika kifuani.

Mzee akachukua chaki mbili nzima kwenye boksi. Moja akaiinua juu. "This is Chelangat. Chelangat is my daughter." Nyingine. "This is Teacher." Akazilaza zote mbili pamoja juu ya meza, zikagusana. Wanaume wakaguna. Kisha akachukua kifutio cha ubao, kile cha mbao, akakisimamisha mbele ya zile chaki. "This is Kimaiyo. Kimaiyo is father." Akaigusa ile chaki ya mwalimu, akabadili sauti ikawa nyembamba: "Kimaiyo, stand up!" Darasa zima likavuta pumzi, maana maneno yale, hata yakitoka kwa mzee mwenyewe, yalikuwa mazito. Mzee akatikisa kichwa, na kidole, na koti lote. "No. No. No." Akagusa kifutio. "Teacher, stand up!" Akatabasamu. "Yes."

Hakuongeza. Alikuwa ametumia maneno yale yale yaliyokuwa yakipita juu ya kichwa chake kwa miezi minne kwenda kwa wengine. Hakukuwa na neno hata moja ambalo Micah hakulijua. Micah aliketi pale akiitazama meza. Hii ni hivi, hii ni hivi, ndiyo, hapana. Angeweza kusema yote Jumatatu.

Mkaguzi aliitazama meza mpaka Chelangat akaanza tena kuhesabu blanketi. Ndipo akamgeukia Naftaly, akamwuliza swali fupi. Naftaly akasema, "Yes, sir," kwa sauti ndogo. Akaulizwa lingine. Akatazama daftari. Wanafunzi hawakujua maneno, lakini walijua sura ya mtu aliyeulizwa kwa nini hukuniambia.

Kisha mkaguzi akamwuliza mzee jambo, polepole, neno kwa neno. Nani alikufundisha?

Mzee Kimaiyo hakuchelewa. Alinyosha mkono wote, si kidole, kuelekea benchi la mbele. "Teacher," akasema.

Mkaguzi akainuka kwa shida kutoka kwenye ule ubao. Akaweka karatasi yake juu ya meza, kando ya zile chaki bila kuzigusa, akatia sahihi. Alipofika mlangoni akasimama, akamwonyesha Chelangat kwa kofia yake, akamwambia Naftaly kitu. Naftaly akafungua daftari juu ya goti.

"Jina?" akauliza bila kuinua macho.

"Unalijua."

"Jina, mama, naandika."

"Chelangat. Namba ishirini na nne. Andika na kazi pia."

"Kazi gani?"

"Uji," akasema Chelangat. "Na kuambia."

* * *

Jumapili baada ya kanisa mzee alikuja akaketi kwenye gogo la kuni, uso ziwani. Alikuwa ameitwa Jumamosi kwa meneja na kuwekwa mbele ya watu wa uwanja. Bwana alisema maneno mengi, mzee akayaelewa matatu, na kwa yale matatu hakutikisa kichwa, alijibu. Sasa alikuwa nyapara. Micah alitoka, akasimama kando ya mlango, uso barabarani. Chelangat alileta maziwa ya kibuyu kwa wote wawili.

"Chelangat," akasema mzee. "Mwambie mwalimu, kesho asiniruke."

Chelangat alikuwa ameweka kibuyu chini na kuketi. Alinyosha miguu. "Baba," akasema, "mimi nimeandikwa mwanafunzi. Kazi ya kuambia ni Jumatatu mpaka Ijumaa, saa kumi na nusu. Leo ni Jumapili."

Mzee akatazama ziwa zaidi. Mwalimu akatazama barabara zaidi. Chelangat akanywa maziwa yake, akafuta mdomo, hakuinuka.

Yule kuku mwekundu akaja katikati yao akichakura. Mzee Kimaiyo akakohoa. Akainama juu ya fimbo yake.

"Wewe kuku," akasema, "kesho nisirukwe."

Micah naye akageuka kidogo kutoka barabarani, akamtazama kuku.

"Yes, sir," akasema.

"Silence!" akasema Chemutai kutoka mlangoni, na kuku akageuza shingo.